Bahari Iliyofungwa: Jinsi Vilindi vya Antaktika Vilivyoirefusha Enzi ya Barafu

Mbali na pwani ya Afrika Mashariki, mahali ambapo Bahari ya Hindi ina kina cha kilomita tano, maji ya chini kabisa yana joto la takriban nyuzi 1 tu ya Selsiasi. Jua la Ikweta haliyafikii, wala hayakupozwa huko. Yalizama kandokando ya Antaktika, yakatambaa kaskazini juu ya sakafu ya bahari, yakapita mashariki ya Madagaska, kisha yakapenya katika mwanya wa Amirante karibu na Shelisheli na kuingia katika bonde la Somalia. Safari hiyo huchukua mamia ya miaka, na inatuonyesha kwamba vilindi vya bahari zote, hata za nchi za joto, hupata maji yao kutoka sehemu chache za baridi karibu na ncha za dunia. Sehemu hizo zikibadilika, bahari nzima hubadilika, na hali ya hewa nayo hufuata. Hoja ya makala haya ni kwamba katika enzi ya barafu iliyopita vilindi vilivyoizunguka Antaktika vilitengwa na hewa kwa maelfu ya miaka, na kwamba kutengwa huko ni miongoni mwa sababu kubwa zilizoifanya dunia ibaki na baridi kali kwa muda mrefu kiasi kile.

Tuanze na fumbo lenyewe. Enzi ya barafu ya mwisho ilifikia kilele chake kati ya miaka 26,000 na 19,000 iliyopita. Barafu yenye unene wa kilomita kadhaa ilifunika Kanada na Skandinavia, na kwa kuwa maji mengi yalikuwa yameganda nchi kavu, usawa wa bahari ulishuka kwa takriban mita 120. Unguja ilikuwa imeungana na bara. Pemba ilibaki kisiwa kwa sababu mkondo unaoitenga na bara una kina cha mamia ya mita. Barafu ya Rwenzori na ya Mlima Kenya iliteremka chini sana kuliko mabaki tunayoyaona leo. Mwanahisabati wa Serbia, Milutin Milankovitch, alieleza katika karne ya 20 kwamba majira haya marefu huongozwa na mabadiliko madogo ya njia ya dunia kulizunguka jua na ya mwinamo wake. Vipimo vya baadaye vilimpa haki. Lakini maelezo yake yaliacha pengo. Mabadiliko hayo hayapunguzi sana jumla ya mwanga wa jua unaoifikia dunia kwa mwaka. Kazi yake kubwa ni kuugawa upya kati ya majira na kati ya latitudo. Mara nyingi kiangazi cha kaskazini kinapopata jua kidogo, kile cha kusini hupata zaidi. Hata hivyo pande zote mbili zilipoa pamoja. Lazima kulikuwa na kitu kilichouchukua msukumo mdogo wa kaskazini, kikaukuza, kisha kikauambukiza ulimwengu mzima.

Kitu hicho tunakijua, kwa sababu hewa ya zamani imehifadhiwa. Theluji inapoangukia Antaktika na kugandamizwa kuwa barafu, hunasa mapovu ya hewa. Wanasayansi wamechoronga barafu hiyo katika kituo cha Vostok na baadaye pale Dome C, ambako walishuka zaidi ya kilomita tatu na kupata kumbukumbu ya miaka 800,000. Mapovu hayo yanaonyesha kwamba hewa ukaa, yaani kaboni dioksidi, ilikuwa takriban sehemu 280 kwa milioni katika nyakati za joto, na ilishuka hadi 180 au 190 katika vilele vya baridi. Hewa ukaa hushika joto na husambaa dunia nzima kwa muda mfupi, kwa hiyo upungufu wake unaeleza vizuri kwa nini kaskazini na kusini zilipoa pamoja. Swali linalobaki ni hili: karibu tani bilioni 200 za kaboni ziliondoka hewani zikaenda wapi? Hazikuingia misituni, kwani barafu na ukame vilipunguza mimea, na nchi kavu yenyewe ilipoteza kaboni. Hazikuingia katika miamba, kwani njia hiyo ni ya taratibu mno. Imebaki bahari, ambayo ina kaboni takriban mara 60 ya ile iliyokuwa hewani kabla ya viwanda, na sehemu kubwa ya kaboni hiyo imo katika vilindi.

Ili kuelewa namna bahari ilivyoweza kuimeza, tutazame inavyofanya kazi leo. Juu, penye mwanga, viumbe vidogo viitwavyo planktoni hujijenga kwa kaboni. Vinapokufa, mabaki yake huzama na kuoza gizani, na kaboni yake huyeyuka katika maji ya chini. Kwa njia hii kilindi hujazwa kaboni kila siku. Kama kingefungwa moja kwa moja, hewa ingezidi kupungukiwa; lakini maji ya kilindi hatimaye hurudi juu, na sehemu kubwa ya maji hayo huibukia katika Bahari ya Kusini. Huko hakuna bara la kuzuia pepo kali za magharibi zinazoizunguka Antaktika. Pepo hizo husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na maji ya kilindi huinuka kujaza nafasi yake, yakiwa na kaboni nyingi pamoja na virutubisho. Planktoni wa huko hawawezi kuvitumia virutubisho vyote kwa sababu madini ya chuma ni haba, hivyo sehemu ya kaboni hutoroka kabla haijadakwa tena. Karibu na pwani ya Antaktika, hasa katika Bahari ya Weddell na Bahari ya Ross, kuna kazi ya kinyume. Maji ya bahari huganda yanapofikia karibu nyuzi 1.9 chini ya sifuri, na yanapoganda huiacha nje sehemu kubwa ya chumvi yake. Maji yaliyobaki huwa baridi na mazito kwa chumvi, nayo huzama hadi sakafuni. Kilindi basi ni ghala: planktoni ni wapagazi wanaoingiza mizigo, na Bahari ya Kusini ndiyo mlango mkuu ambao mizigo hutokea. Hewa inaweza kupungukiwa kaboni kwa kuongeza wapagazi au kwa kuufunga mlango. Ushahidi unaonyesha kwamba katika enzi ya barafu mlango ulifungwa kwa sehemu kubwa.

Shahidi wa kwanza ni viumbe vya chembe moja viitwavyo foraminifera, ambao baadhi yao huishi juu ya tope la sakafu ya bahari na kujijengea magamba ya chokaa. Magamba hayo hubeba alama ya maji yaliyoyazunguka: uwiano wa kaboni 12 na kaboni 13, na kiasi kidogo cha kadmi, huonyesha kama maji yalikuwa yametoka juu karibuni au yalikuwa yamelimbikiza mabaki yaliyooza. Mwaka 1982 Edward Boyle na Lloyd Keigwin walitumia alama hizi kuonyesha kwamba mzunguko wa kilindi cha Atlantiki ya Kaskazini ulibadilika pamoja na enzi za barafu. Mwaka 2005 William Curry na Delia Oppo walikusanya vipimo vya kutoka kusini hadi kaskazini mwa Atlantiki ya magharibi, na picha ikawa wazi zaidi. Leo maji yanayozama katika bahari za kaskazini, upande wa Greenland na Norwei, hujaza sehemu kubwa ya Atlantiki hadi kina cha karibu kilomita nne. Katika kilele cha baridi maji ya kaskazini yalikomea juu zaidi, kwenye kilomita mbili hivi, na chini yake Atlantiki ilijaa maji yenye alama ya kusini, yaliyosheheni kaboni iliyooza. Kwa maneno mengine, maji yaliyotoka Antaktika yaliteka sehemu ambayo leo si yake, na ghala likapanuka.

Shahidi wa pili ni chumvi, na ushahidi wake unashangaza zaidi. Maji yaliyokuwa katika kilindi wakati wa barafu hayakutoweka yote. Baadhi yalinaswa ndani ya tope na kuzikwa, na athari yake bado ipo makumi ya mita chini ya sakafu ya bahari. Mwaka 2002 Jess Adkins na wenzake walitangaza vipimo vya klorini na isotopu za oksijeni kutoka katika maji hayo. Walikadiria kwamba vilindi vya bahari zote walizopima vilikuwa karibu na kiwango cha kuganda. Walikadiria pia kwamba kilindi cha Bahari ya Kusini ndicho kilichokuwa na chumvi kuliko vyote: zaidi ya gramu 37 katika kila kilo ya maji, wakati leo hazifiki 35. Kukua kwa mabarafu ya nchi kavu kuliongeza chumvi ya bahari nzima kwa takriban gramu moja tu kwa kilo, hivyo ziada ya kusini ilihitaji sababu yake yenyewe. Sababu inayoelekea ni barafu ya baharini. Mabaki ya diatomu, aina ya planktoni wenye maganda ya silika, yanaonyesha kwamba wakati wa baridi eneo la barafu hiyo lilikuwa takriban mara mbili ya la leo. Barafu iliganda karibu na pwani na kuacha chumvi pale, kisha ikasukumwa na upepo hadi mbali kaskazini ilikoyeyuka. Chini pakawa na maji mazito ya chumvi, juu maji mepesi zaidi. Matabaka ya namna hiyo hayachanganyiki kirahisi, na kilicho chini hukaa chini.

Shahidi wa tatu ni umri. Kaboni 14 huundwa angani na hupungua kwa kasi inayojulikana, hivyo maji yaliyokaa muda mrefu bila kugusana na hewa hubaki na kiasi kidogo. Mwaka 2010 Luke Skinner na wenzake walipima tope kutoka Atlantiki ya kusini, kati ya Afrika na Antaktika. Waligundua kwamba maji ya kilindi yaliyoizunguka Antaktika wakati wa barafu yalikuwa na umri wa zaidi ya mara mbili ya yale ya leo, ukilinganisha na hewa ya wakati wake. Kipimo kingine kinaafikiana nacho: kemia ya urani katika matope ya Bahari ya Kusini inaonyesha kwamba maji ya kilindi yalikuwa na oksijeni kidogo kuliko sasa. Kuoza hula oksijeni na kutoa hewa ukaa, hivyo maji yenye oksijeni kidogo ndiyo yaliyobeba mzigo mkubwa wa kaboni. Magamba ya viumbe, maji ya zamani na umri wa kaboni ni vipimo vyenye misingi tofauti na udhaifu tofauti. Vinapoelekeza upande mmoja, uzito wa jumla unazidi ule wa kila kimoja peke yake.

Kama ghala lilikuwa limefungwa kweli, basi kufunguliwa kwake kungepaswa kuonekana, na ndivyo ilivyo. Takriban miaka 18,000 iliyopita mabarafu ya kaskazini yalianza kumeguka, na vipande vilivyoelea viliangusha changarawe kwenye sakafu ya Atlantiki, katika matabaka ambayo mwanajiolojia wa Ujerumani, Hartmut Heinrich, aliyaeleza mwaka 1988. Maji baridi yasiyo na chumvi yalifunika kaskazini. Uwiano wa protaktini na thori katika tope la karibu na Bermuda, uliotangazwa na Jerry McManus na wenzake mwaka 2004, unaonyesha kwamba miaka 17,500 iliyopita mzunguko wa kaskazini ulikaribia kusimama. Joto ambalo mzunguko huo hupeleka kaskazini lilibaki kusini, Antaktika ikapata joto, barafu ya baharini ikarudi nyuma. Wakati uleule silika ya diatomu ilirundikana kwa wingi kwenye matope ya Bahari ya Kusini, jambo ambalo Robert Anderson na wenzake mwaka 2009 walilitafsiri kuwa dalili ya maji ya kilindi kuibuka kwa nguvu yakiwa na virutubisho. Hewa ukaa ikaanza kupanda. Kaskazini ilipopoa tena kati ya miaka 12,900 na 11,700 iliyopita, mfuatano ule ulijirudia. Afrika Mashariki ilihusika pia: kipindi cha kwanza cha kumeguka kwa barafu kinakwenda sambamba na ukame mkali uliolifanya Ziwa Viktoria kukauka. Ziwa hilo halikukaushwa na maji ya Antaktika, lakini mvua za kitropiki hufuata mgawanyo wa joto baharini, na mgawanyo huo ulikuwa umevurugika kutoka ncha hadi ncha.

Msomaji makini atakuwa na mashaka, na baadhi yana msingi. Atasema kwanza kwamba hatuhitaji mlango wala ghala, kwa kuwa maji baridi huyeyusha gesi nyingi kuliko maji ya joto. Ni kweli, na jambo hilo linaweza kupimwa. Gesi za kriptoni na xenoni zilizonaswa barafuni zinaonyesha kwamba bahari kwa wastani ilikuwa na baridi zaidi kwa takriban nyuzi 2.6. Upoaji wa kiasi hicho unaeleza karibu theluthi moja ya upungufu wa hewa ukaa. Lakini maji yenye chumvi zaidi hushika gesi kidogo, na kaboni iliyopotea nchi kavu nayo ililazimika kwenda mahali fulani. Hesabu hizo mbili hurudisha sehemu kubwa ya theluthi ile. Baridi pekee haitoshi. Pingamizi la pili linatoka kwa wafuasi wa John Martin, mtafiti wa Marekani aliyesema mwaka 1990 kwamba vumbi la enzi ya barafu lilirutubisha Bahari ya Kusini kwa madini ya chuma, na planktoni wakaongezeka. Vumbi hilo limo katika barafu ya Antaktika, na athari yake kwa planktoni upande wa kaskazini wa Bahari ya Kusini ina ushahidi mzuri. Hata hivyo hewa ukaa ilianza kushuka zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, na vumbi liliongezeka sana baadaye, takriban miaka 70,000 iliyopita. Chuma kilisaidia kukamilisha kazi ambayo haikuianza. Wapagazi waliongezwa, lakini mzigo wao ulibaki ghalani kwa sababu mlango ulikuwa umekwisha kubanwa.

Pingamizi la tatu ni gumu zaidi. Carl Wunsch, mtaalamu mashuhuri wa bahari, alihoji mwaka 2016 kama vipimo vya maji yaliyonaswa kwenye tope vinatosha kutupa namba za uhakika, kwa sababu chumvi husambaa ndani ya tope kwa maelfu ya miaka na historia nyingi tofauti zinaweza kuacha athari inayofanana. Modeli za kompyuta nazo hazikubaliani: zikipewa hali ya enzi ya barafu, baadhi huonyesha maji ya kaskazini yakikomea juu, nyingine huyaonyesha yakizama zaidi kuliko leo. Wataalamu wangali wanabishana pia kama mlango ulifungwa na barafu ya baharini, na kuhama kwa pepo za magharibi, au na chumvi ya chini. Mashaka haya yanapaswa kutuzuia kushikilia gramu 37 kama namba takatifu. Hayaangushi hoja yenyewe. Tukiiondoa chumvi kabisa mezani, bado tuna magamba, umri wa kaboni na upungufu wa oksijeni, vyote vikisema kwamba kilindi cha kusini kilipumua kwa taabu. Ubishi ni juu ya mkono ulioufunga mlango. Kwamba ulifungwa kuna mashahidi wengi. Wala hoja haisemi kwamba bahari ndiyo iliyoianzisha enzi ya barafu. Chanzo kilikuwa jua na njia ya dunia. Kilindi kilikuza mabadiliko hayo, kikayadumisha, na kilipofunguka kikayageuza.

Mambo haya yanahusu pia uamuzi wa leo. Bahari ya Kusini huchukua takriban asilimia 40 ya hewa ukaa ya binadamu inayomezwa na bahari, na maji yanayozama kandokando ya Antaktika yamekuwa yakipata joto na kupungua kwa miongo kadhaa. Utafiti wa modeli uliotangazwa mwaka 2023 ulikadiria kwamba, uchafuzi ukiendelea kwa kasi, mzunguko huo unaweza kupungua kwa zaidi ya asilimia 40 kufikia mwaka 2050, kwa sababu maji yasiyo na chumvi kutoka kwenye barafu inayoyeyuka huzuia maji ya juu kuzama. Mtu anaweza kuuliza: kama kufungwa kwa kusini kulipunguza hewa ukaa wakati ule, je, kufungwa kwa sasa hakutatusaidia? Hakuna sababu ya kutumaini hivyo. Wakati ule bahari ilitengwa na baridi, chumvi na barafu pana, kwa muda mrefu uliowatosha planktoni kulijaza ghala. Sasa inatengwa na kuyeyuka kwa barafu katika dunia inayopata joto, na hasara huja mapema: oksijeni kidogo hufika kilindini, joto na hewa ukaa hupelekwa chini kwa uchache, na maji ya vuguvugu yanayobaki hula barafu ya Antaktika kutoka chini.

Somo hilohilo linahusu pendekezo linalorudi kila baada ya miaka michache, la kumwaga chuma baharini ili planktoni watusafishie hewa. Mwaka 2009 watafiti wa Kijerumani na wa Kihindi walilijaribu katika Atlantiki ya kusini katika mradi ulioitwa LOHAFEX. Planktoni waliongezeka, wakaliwa na wanyama wadogo wa baharini, na kaboni iliyozama ilikuwa kidogo. Hata kama ingezama nyingi, kumbukumbu ya enzi ya barafu inatuambia kwamba kuzama ni nusu tu ya kazi. Asili yenyewe ilimwaga vumbi la chuma kwa maelfu ya miaka, na bado kilichoiweka kaboni chini ni mzunguko uliozuia maji yale yasirudi juu. Pepo za magharibi za leo zinavuma, na maji ya kilindi yanaibuka. Anayeuza ahadi ya kuizika kaboni katika bahari hiyo anapaswa kuulizwa swali moja kabla ya kulipwa: itakaa huko miaka mingapi? Asipoweza kujibu kwa ushahidi wa mzunguko wa maji, anachouza ni mkopo, na watakaoulipa ni vizazi vitakavyokuwepo maji hayo yatakapoibuka.